Tathmini ya risasi tatu za kaliba ya kati: 9.3x62, .338 Win Mag na .375 H&H

Mwenye bunduki ya .30-06 tayari ana risasi inayomtosha swala pala, ngiri, kongoni, kuro na hata tandala, mradi apige mahali pake. Maswali huanza anapotaka bunduki moja tu, itakayofanya kazi hiyo yote na bado isimwache kwenye mataa mbele ya pofu dume au nyati. Hapo ndipo kaliba ya kati inapoingia: vichwa vya risasi vyenye kipenyo cha milimita 8.5 hadi 9.5 hivi, na uzito wa gramu 16 hadi 19. Za aina hiyo ni nyingi, ila zinazostahili kujadiliwa na mtu anayetaka kununua leo na kupata maganda, vichwa na risasi za kiwandani bila kuhangaika ni hizi tatu (namba ya kwanza ya jina ni kipenyo cha kichwa: 9.3 kwa milimita, .338 na .375 kwa inchi).

Msimamo wetu tunautoa mapema. Anayewinda Tanzania na kununua risasi dukani achukue .375 H&H; sheria imeshamchagulia, na imemchagulia vizuri. Anayejaza risasi mwenyewe, yaani kutia baruti na kichwa kipya kwenye ganda lililokwisha kutumika, katika nchi inayoruhusu, na asiyewinda wanyama wanaodai .375 kisheria, achukue 9.3x62, kwa sababu ndiyo inayorudisha faida kubwa kwa kila saa ya kazi mezani. .338 Winchester Magnum ni risasi nzuri sana, lakini wanaoihitaji kweli ni wachache kuliko wanaoinunua.

Asili zao

9.3x62 ilibuniwa mwaka 1905 na Otto Bock, fundi bunduki wa Berlin. Shabaha yake ilikuwa bei. Bunduki za Kiingereza za wanyama wakubwa zilikuwa ghali mno kwa mlowezi au mtumishi wa kawaida katika makoloni ya Kijerumani Afrika, wakati Mauser 98 ilikuwa imara na rahisi. Bock akaunda ganda linaloingia katika Mauser ya urefu wa kawaida bila kuichokonoa. Hadi leo hiyo ndiyo sifa yake kubwa: risasi nzima ina urefu wa milimita 83.6, hivyo bunduki yoyote iliyojengwa kwa ajili ya .30-06 inaibeba, ikiwa nyepesi na fupi kuliko bunduki ya .375.

.375 Holland & Holland Magnum ilitoka London mwaka 1912, enzi za baruti ya cordite. Ganda lake ni refu, milimita 72.4, na limepungua taratibu kutoka kitakoni hadi shingoni. Umbo hilo lina faida ambayo hutaiona kwenye karatasi: linaingia kwenye chemba (tundu la nyuma ya mtutu linalobeba risasi) kwa ulaini na linatoka kwa ulaini, hata bunduki ikiwa ya moto na vumbi limeingia. Gharama yake ni kwamba bega, yaani pale ganda linapobana kuelekea shingoni, limelala mno kuweza kutegemewa kulishikilia ganda mahali pake, ndiyo maana likavishwa mkanda, pete nene ya shaba, juu kidogo ya kitako. Huo mkanda tutaurudia, kwa kuwa ndio chanzo cha matatizo mengi kwa wanaojaza wenyewe.

.338 ilizinduliwa na Winchester mwaka 1958, ganda la .375 likiwa limefupishwa hadi milimita 63.5 na kunyooshwa kuta. Ililengwa kwa Alaska, kwa dubu na moose (mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu). Ilirithi mkanda japo haikuuhitaji, kwa kuwa bega lake la nyuzi 25 lingetosha kabisa.

Namba, na namna ya kuzisoma

Kwa mzigo wa kawaida wa kiwandani, 9.3x62 inasukuma kichwa cha greni 286 (gramu 18.5) kwa mita 720 hivi kwa sekunde, nguvu mdomoni mwa mtutu ikiwa karibu jouli 4,800. .338 inasukuma greni 250 (gramu 16.2) kwa mita 810, karibu jouli 5,300. .375 inasukuma greni 300 (gramu 19.4) kwa mita 770, karibu jouli 5,770. Kwa kulinganisha, .30-06 yenye greni 180 huwa na jouli 3,950 hivi.

Anayeangalia jouli peke yake ataiweka 9.3x62 mkiani. Sasa chukua uzito wa kichwa (kwa pauni) uugawe kwa mraba wa kipenyo chake (kwa inchi), kipimo ambacho kina uhusiano wa karibu zaidi na kupenya kwa vichwa vya umbo na muundo mmoja. Greni 286 za 9.3 zinatoa 0.305. Greni 300 za .375 zinatoa 0.305 ile ile. Greni 250 za .338 zinatoa 0.313. Kwa maneno mengine, vichwa vitatu vya muundo mmoja vikigonga bega la pofu kwa mita 80, vyote vitafika kwenye mapafu na moyo, na tofauti ya mita 50 hadi 90 kwa sekunde mnyama haitambui. .375 inaongeza kipenyo kidogo na msukumo zaidi, na faida hiyo inaonekana kwa nyati anayekuja, siyo kwa kongoni anayekula majani.

Masafa ndiyo hoja wanayoipenda wenye .338. Bunduki zote tatu zikilenga sawasawa mita 200 kwa vichwa vyenye ncha, hesabu zinaonyesha kwamba kwenye mita 300 .338 inashuka karibu sentimita 28, .375 karibu 34, na 9.3x62 karibu 36. Tofauti kati ya ya kwanza na ya mwisho ni upana wa kiganja. Katika miombo ya Rungwa au vichaka vya Ruvuma, ambako wanyama wengi hupigwa chini ya mita 120, tofauti hiyo haina maana yoyote. Kwenye nyanda wazi za Namibia au milima ya Alaska, ina maana.

Teke ni jambo ambalo watu hulidharau dukani na kulilipia porini. Kwa bunduki ya kilo 4.1 pamoja na darubini, hesabu ya nguvu ya teke inakuja karibu jouli 25 kwa .30-06, 40 kwa 9.3x62, 45 kwa .338 na 55 kwa .375. Namba hizi hazielezi kila kitu. Teke la .338 ni la haraka, linagonga ghafla, la 9.3x62 linasukuma. Wapigaji wengi waliozoea .30-06 huhamia 9.3x62 bila kuanza kufumba macho, jambo ambalo haliwezi kusemwa kwa .375 nyepesi. Darubini nayo iwe na nafasi ya sentimita 9 au zaidi kati ya jicho na kioo, la sivyo nyusi itapasuka, hasa ukipiga kwa kulala kifudifudi au kuelekea juu ya mlima.

Sheria inasema nini

Tanzania, kiwango cha chini kwa nyati, simba na tembo ni .375. 9.3 haifikii kwa karibu robo ya milimita, na hakuna afisa wanyamapori atakayekubali mjadala juu ya robo milimita. Hakikisha kaliba iliyoandikwa kwenye kibali chako cha uwindaji inalingana na mnyama uliyemlipia kabla ya kusafirisha bunduki. Kenya swali lenyewe halipo, uwindaji wa burudani ulipigwa marufuku mwaka 1977.

Zimbabwe walitumia njia nyingine: kwa tembo, nyati na kiboko wanataka kipenyo cha milimita 9.2 na jouli 5,300 mdomoni. Kwa kipenyo 9.3x62 inapita, kwa nguvu inakwama. Ili kichwa cha greni 286 kifikie jouli 5,300 kinahitaji mita 756 kwa sekunde, na data nyingi zilizochapishwa huishia chini kidogo ya hapo. Kuna wanaojaza hadi kufika. Sisi hatuishauri. Mzigo unaoishi kwenye ukingo wa juu ili tu utimize fomu ndio unaokwamisha ganda kwenye chemba siku ya joto kali, na hakuna mahali pabaya pa kukwama kama mbele ya nyati. Namibia nao wanataka jouli 5,400 kwa wanyama wa kundi hilo, na hali ni ile ile.

Kuhusu kujaza kwenyewe: Tanzania na Kenya, kutengeneza risasi bila kibali ni kosa, na leseni ya kumiliki bunduki haikupi ruhusa hiyo. Msomaji wa huko asome sehemu inayofuata ili aelewe anachokinunua na kwa nini risasi mbili za jina moja hazilingani, basi. Afrika Kusini inaruhusiwa kwa mwenye leseni, fataki (vidonge vya kitakoni vinavyowasha baruti) zikiwa na ukomo wa 2,400 kwa mmiliki wa kawaida. Marekani na nchi kadhaa za Ulaya ni jambo la kila siku, na Waswahili walioko huko wanaowinda paa na dubu wanaweza kulifanya kwa uhuru.

Kwenye presi

Presi ni mashine ya mezani ya kujazia risasi. 9.3x62 ndiyo inayofaidika nayo zaidi, na sababu iko kwenye historia yake. Bunduki nyingi za kaliba hii ni Mauser za kabla ya vita, hivyo kiwango cha juu cha shinikizo kilichowekwa Ulaya ni baa 3,900, wakati .375 imewekewa baa 4,300. Viwanda vingi hujaza kwa uangalifu zaidi ya hapo. Katika bunduki ya kisasa, kwa baruti ya kisasa na ndani ya data iliyochapishwa, anayejaza mwenyewe hupata mwendo ambao boksi la dukani halimpi, na hupata pia vichwa ambavyo viwanda havijazi. Nosler Partition ya greni 286, Swift A-Frame ya 250 au 300, na Barnes TSX ya 250 ni vichwa vitatu vinavyoigeuza bunduki moja kuwa bunduki tatu. Hiyo TSX ya 250 ikisukumwa karibu mita 780 kwa sekunde inaondoa kabisa ile hoja ya masafa ya .338.

.375 inapata faida ya aina nyingine. Ubora wake wa kiwandani tayari ni mkubwa, na mwendo hautaongezeka sana. Kinachoongezeka ni ulinganifu: unaweza kupata mzigo wa kichwa laini na wa kichwa kigumu cha greni 300 vinavyogonga mahali pamoja kwa mita 50, ili risasi ya kwanza na zile zinazofuata zote zitumie mlengo mmoja. .375 inajulikana kwa kuvumilia hilo kuliko kaliba nyingi. Kwa .338, faida kubwa ni kupunguza gharama tu.

Vipimo vya baruti hatuviandiki hapa, na usivichukue kutoka kwa mtu yeyote asiye mtengenezaji wa baruti au wa kichwa hicho hicho unachotumia. Data ya kitabu cha mtengenezaji imepimwa kwa mtutu maalumu wa kupimia shinikizo. Rafiki yako hana. Tunachoweza kusema ni kasi ya kuungua. 9.3x62 inapenda baruti za kasi ya kati kama Reloder 15, Varget au Vihtavuori N140. .375 yenye greni 300 huelekea kwenye zile za polepole kidogo, za kundi la baruti zenye namba 4350. .338 yenye greni 250 huenda 4350 au polepole zaidi. Hapa pana mtego mmoja: IMR 4350 na H4350 ni baruti mbili tofauti, na IMR 4831 na H4831 vivyo hivyo. Namba inafanana, kipimo hakifanani. Weka kopo moja tu mezani kwa wakati mmoja, na baruti isiyo na jina kwenye chombo ni ya kutupwa, hata iwe ghali namna gani.

Sasa turudi kwenye mkanda. Ganda la .375 na la .338 linashikiliwa kwenye chemba na mkanda, kwa hiyo watengenezaji wa bunduki huacha nafasi ya ziada mbele, begani. Ukifyatua mara ya kwanza, bega linasonga mbele kujaza nafasi hiyo. Ganda halikatiki, linanyumbuka tu. Kisha mtu anafuata maelekezo ya boksi la kalibu (chombo cha chuma kinachorudisha ganda kwenye umbo lake): anaikaza hadi iguse kishikio cha ganda, na kalibu inalirudisha bega nyuma kabisa. Risasi inayofuata inalinyumbua tena. Baada ya mizunguko michache, ukuta wa ganda unakuwa mwembamba mahali pamoja, milimita chache juu ya mkanda, na siku moja ganda linakatika vipande viwili: kitako kinatoka, mwili unabaki chembani. Bunduki hiyo haipigi tena hadi uupate ule mwili.

Dalili inaonekana mapema kwa anayeangalia. Chukua ganda lililosafishwa, lizungushe chini ya taa: ukiona pete inayong'aa kuzunguka ganda juu tu ya mkanda, ing'avu kuliko shaba iliyo juu na chini yake, ganda hilo limekwisha. Kwa uhakika zaidi, chukua waya mgumu kama wa kipande cha spoki ya baiskeli, pinda ncha yake nyuzi 90 na uinoe, uingize kupitia mdomo hadi chini, kisha uivute juu taratibu ukiikandamiza ukutani. Kwenye ukuta usio na dosari ncha inateleza. Ukuta uliochoka una mfereji, na ncha inadaka mle ndani. Fanya hivyo kwa maganda machache kutoka kila kundi, na likipatikana moja, tupa kundi zima. Yote yamepitia maisha yale yale.

Dawa yake ni kuipanga kalibu kwa kufuata bega, mkanda usiangaliwe. Pima ganda lililofyatuliwa katika bunduki yako, kutoka kitakoni hadi katikati ya bega, kwa kalipa yenye kifaa cha kupimia bega. Anza na kalibu iliyolegezwa, ishushe kidogo kidogo hadi bega lirudi nyuma milimita 0.05 tu, kisha jaribu ganda tupu kwenye bunduki: bolti (komeo la bunduki) ifunge bila kulazimishwa. Kwa bunduki ya wanyama hatari tunakubali 0.08, ili hata vumbi likiingia bolti bado ifunge. Ukifanya hivi, maganda ya mkanda yatadumu karibu sawa na ya 9.3x62. Maganda hayo hubaki ya bunduki moja. Ukinunua bunduki nyingine, yapitishe upya na uyapime.

9.3x62 haina mkanda, bega lake la nyuzi 17 hivi linafanya kazi yote. Hatari yake ni nyingine: watu huitengenezea maganda kutoka .30-06 kwa kupanua shingo. Inawezekana, lakini kitako cha .30-06 ni chembamba kidogo kuliko cha 9.3x62 halisi, hivyo ganda huvimba juu ya kitako linapofyatuliwa, na alama iliyopigwa chini inasema .30-06. Boksi kama hilo likichanganyika kambini ni hatari. Maganda halisi ya Lapua, Norma, RWS na Prvi Partizan yapo, na ya mwisho ni nafuu. Hakuna sababu ya kupanua shingo.

Usichanganye chapa za maganda. Ganda zito lina nafasi ndogo ndani, na baruti ile ile ndani ya nafasi ndogo inapandisha shinikizo. Ukibadili ganda, fataki, kichwa au hata kopo la baruti la toleo jipya, rudi kwenye kipimo cha kuanzia cha kitabu na upande tena. Vichwa vya shaba tupu kama Barnes ni virefu kuliko vyenye madini ya risasi (lead) ndani kwa uzito ule ule, vinaingia ndani zaidi ya ganda na kula nafasi ya baruti. Data ya Partition ya 286 haimfai Barnes wa 286.

Urefu wa ganda uangaliwe kila mara. Ukomo ni milimita 62.0 kwa 9.3x62, 63.5 kwa .338 na 72.39 kwa .375, punguza hadi robo milimita hivi chini ya ukomo, kisha toa makali ndani na nje ya mdomo. Ganda refu kupita kiasi linasukuma mdomo wake kwenye ukingo wa chemba, linabana kichwa, na shinikizo linapanda bila onyo. Mafuta ya kupitishia ganda yawe mepesi. Yakizidi, yanakusanyika begani na kuacha vibonde. Fataki ikae chini ya uso wa kitako kwa milimita 0.1 hivi, ukipitisha kidole juu yake, usiihisi. Fataki iliyosimama juu ni ya kwanza kulaumiwa bunduki isipofyatuka.

Kubana mdomo wa ganda ni lazima kwa .375, na kwa .338 nyepesi pia. Risasi zilizobaki kwenye magazini hupigwa mbele na nyuma kila unapofyatua. Kipimo ni rahisi: pima urefu wa risasi ya chini kabisa ya magazini, fyatua zilizo juu yake, kisha ipime tena. Ikiwa kichwa kimesogea, banio halitoshi au shingo imelegea. Bana kwenye mfuo uliopo kwenye kichwa. Kichwa kisicho na mfuo kibanwe kidogo sana kwa kalibu maalumu ya kubania, ukizidisha unakikunja.

Dalili za shinikizo zinazojulikana ni fataki iliyolala bapa, bolti ngumu kuinua, na alama ing'aayo ya kitoa ganda kitakoni. Tatizo ni kwamba nyingi hujitokeza ukiwa umeshapita mpaka. Kipima mwendo kinasema mapema zaidi. Mwendo wako ukizidi ule wa juu wa kitabu kwa mtutu wa urefu ule ule, shinikizo nalo limezidi, hata kama fataki inaonekana safi. Shusha kipimo.

Joto ndilo kosa kubwa la wanaojaza Ulaya na Marekani kwa ajili ya safari ya Afrika. Mzigo unapimwa Februari kwenye baridi ya nyuzi 5, kila kitu kiko sawa. Oktoba risasi hizo ziko Rungwa, ndani ya gari lililoegeshwa juani, na chuma cha bunduki hakishikiki kwa mkono. Baruti zisizojali sana joto, kama zile za Hodgdon zinazoitwa Extreme, ambamo Varget na H4350 zimo, zinapunguza tatizo ila haziliondoi. Pima mzigo wako siku ya joto kubwa kuliko zote ulizonazo, na uache nafasi chini ya ukomo. Weka risasi kwenye mkanda wa kiunoni, kivulini, siyo kwenye dashibodi.

Kabla ya kusafiri, kila risasi ya mnyama hatari ipitishwe kwenye magazini na chemba ya bunduki itakayoitumia, ukiwa kwenye uwanja wa shabaha, mdomo ukielekea kwenye tuta. Moja tu iliyovimba bega inatosha kukwamisha bolti. Ndege nyingi huruhusu kilo 5 za risasi kwa abiria, zikiwa kwenye boksi lililofungwa vizuri, na baadhi ya mashirika hutaka boksi la kiwandani, kwa hiyo uliza kabla ya kufungasha ulizojaza mwenyewe. Mzigo ukipotea njiani, mwenye .375 ana nafasi nzuri ya kupata risasi za kuazima katika kitalu chochote, mwenye 9.3x62 ana nafasi ndogo, mwenye .338 ahesabu kwamba hana.

Ukinunua 9.3x62 ya zamani

Mauser za zamani ni nafuu na nyingine ni nzuri kuliko mpya, ila ziangaliwe na fundi kabla ya pesa kutoka. Mtutu upimwe kipenyo ndani ya mifereji. Cha kawaida ni milimita 9.30 hivi. Chemba iangaliwe isiwe ya 9.3x64 Brenneke, risasi ya mwaka 1927 yenye ganda pana zaidi, wala ya 9.3x74R, ambayo ina ukingo na hutumika zaidi kwenye bunduki za mitutu miwili. Angalia kama mwili wa bunduki una alama ya kushindiliwa pale unaposhikwa na bolti, kwa sababu chuma cha Mauser za awali ni laini na huingia ndani kwa kupigwa mizigo mikali kwa miaka mingi. Ukiikuta alama hiyo, bunduki isipigwe tena, hata kwa mizigo ya kiwandani, hadi ikaguliwe kwenye kiwanda cha kupima uimara wa bunduki chenye muhuri unaotambulika.